Gusii: Nchi Iliyopimwa Sana, Yenye Madaftari Machache

Wanasayansi wa udongo ambao hawajawahi kukanyaga Kenya wanaijua Kisii kwa namba moja: 112. Mwaka 1993 Eric Smaling na wenzake wa Uholanzi walichapisha hesabu ya rutuba ya wilaya ya Kisii, wakiihesabu pamoja na eneo ambalo leo ni kaunti ya Nyamira. Kwa hesabu yao, hekta moja ya shamba ilikuwa ikipoteza kila mwaka kilo 112 za nitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 70 za potasiamu. Hesabu ya namna hiyohiyo iliyokwisha kufanywa kwa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara ilitoa wastani wa kilo 22 za nitrojeni. Kisii ilikuwa inapoteza mara tano.

Anayeijua milima hii lazima ashangae. Mvua ni ya kutosha, udongo ni mwekundu na wenye kina, na mahindi, ndizi, chai na wimbi hustawi bila kubembelezwa. Ndiyo sababu yenyewe. Ardhi kavu haina kingi cha kupoteza. Ardhi yenye rutuba, inayovunwa mara mbili kwa mwaka, kwenye miteremko mikali, na watu waliosongamana, hutoa mno. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba, na hao wengi wao ni wakulima, si wakaaji wa maghorofa.

Hesabu yenyewe ilifanywa kama ya mwenye duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Vilivyoingia ni mbolea ya dukani, samadi, kinachoshuka na mvua, nitrojeni inayofungwa na mikunde, na tope linaloletwa na maji. Vilivyotoka ni mavuno, mabaki ya mimea yanayoondolewa shambani, kinachozama chini ya mizizi, kinachopaa hewani, na kinachosombwa na mmomonyoko. Tatizo ni kwamba si kila kipengele kilipimwa kwa mkono. Mavuno na mbolea unaweza kuviuliza na kuvipima. Kinachozama na kinachopaa kilikadiriwa kwa kanuni zilizokusanywa kutoka tafiti za kwingine. Kwa hiyo 112 ni kadirio la watu makini, si kipimo cha mizani.

Ndani ya makala hiyohiyo mlikuwa na jambo ambalo wanaoinukuu namba huliruka. Upotevu ulikuwa mkubwa zaidi katika mashamba ya pareto na mdogo zaidi katika chai. Chai hufunika ardhi mwaka mzima, huwekewa mbolea ya mkopo, na huchumwa majani mawili na chipukizi tu. Pareto huacha udongo wazi, na aliyeilima hakuwa na kampuni ya kumkopesha mbolea kwa kiasi hicho. Miaka michache baadaye watafiti walikwenda hadi kwenye mashamba yenyewe, machache, ya Kisii, Kakamega na Embu, wakaandika mwezi kwa mwezi kila gunia lililoingia na lililotoka. Nitrojeni ikawa pungufu ya kilo 71, lakini fosforasi ikawa ziada ya kilo 3. Alama ya fosforasi ilibadilika mara mtu alipoingia shambani. Mwaka 1998 Ian Scoones na Camilla Toulmin walionya kwamba wastani wa wilaya au wa bara huficha tofauti za shamba na shamba, za tajiri na maskini, hata za kipande kilicho nyuma ya jiko na kipande kilicho mtoni, na kwamba ni hatari kujengea sera juu yake.

Onyo halikuzuia namba za aina hii kusafiri. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 kwa hekta hadi 50, na hesabu za upotevu wa rutuba zilikuwa msingi wa hoja yao. Namba ya Kisii bado inanukuliwa katika utangulizi wa makala hadi leo kana kwamba milima imesimama. Haikusimama. Biashara ya pareto iliporomoka, mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, chai imepanda hadi mlangoni, na parachichi limeingia. Shamba lililopimwa na Smaling halipo tena. Wenye kuinukuu 112 wanalisoma daftari la mkulima ambaye ameshabadilisha mazao.

Namba hiyo hata hivyo haikudondoka kutoka mbinguni, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Wageningen kiliweka Kisii mradi wa kufundishia wanafunzi wake sayansi ya udongo. Wanafunzi walichimba mashimo, wakachora, wakapapasa udongo kwa vidole mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1982 W. G. Wielemaker na H. W. Boxem wakahariri ripoti kamili ya udongo wa eneo la Kisii. Kabla yao, mwaka 1951, mwanajiolojia A. Huddleston alikuwa ameshaandika ripoti ya miamba ya wilaya kwa idara ya jiolojia ya kikoloni. Smaling alipofika alikuta ramani. Utafiti mzuri hupenda kukalia utafiti mwingine, na Kisii ikawa maarufu kwa sababu ilikuwa na kumbukumbu kuliko majirani zake.

Sheria hiyo, kwamba sayansi huenda penye kumbukumbu, inaeleza mambo mengi ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira kwa pamoja, na naona ina uzito kuliko malalamiko ya kila siku kwamba wageni walikuja kuchukua wakaondoka. Walichukua, kweli. Swali la maana zaidi ni wapi walikaa vya kutosha hadi wenyeji wakawasahihisha.

Mfano bora ni wa watoto. Mwaka 1955 Robert LeVine na Barbara LeVine walifika Gusii katika mradi wa Harvard ulioongozwa na John na Beatrice Whiting. Ulilinganisha malezi katika vijiji vya India, Okinawa, Ufilipino, Mexico, Marekani na Kenya. Kijiji cha Kenya kilipewa jina Nyansongo, jina la kubuni la kuwalinda wenyeji, na kitabu chake kikatoka mwaka 1966. Kinga hiyo ina upande wake wa kuchekesha: kijiji cha Gusii kinachotajwa kuliko vyote katika vitabu vya saikolojia duniani hakiwezi kujitambua kwenye ramani, wala wazee wake hawana mahali pa kwenda kusema kwamba ukurasa fulani haukuwa hivyo.

Picha ya 1966 ni kali. Akina mama wanafanya kazi nyingi, wanakaripia, na hawachezi na watoto wao. Lakini akina Whiting na wenzao walipojumlisha vijiji vyote sita, mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walisimama upande wa wanaosaidia na kubeba wajibu, pamoja na wale wa Mexico na Ufilipino. Wale wa mji wa Marekani walisimama upande wa wanaotaka kuangaliwa na kuamrisha wenzao. Maelezo yalikuwa ya kazi: mtoto anayechunga, anayeteka maji na anayembeba mdogo wake hujifunza kutazama haja ya mwingine mapema. Katika Ekegusii, lugha ya Wagusii, mtoto huyo mlezi ana cheo chake, omoreri, na nyumba isiyokuwa naye ilihangaika.

LeVine alirudi. Kati ya 1974 na 1976 alikuwa na Sarah LeVine na kundi la madaktari wa watoto, akiwemo T. Berry Brazelton wa Boston. Safari hii walipiga picha za sinema na kuhesabu kila mtazamo na kila neno. Mama wa Boston alizungumza na mtoto mchanga, akamuuliza maswali, akamsifu. Mama wa Gusii alimbeba, akamnyonyesha haraka alipolia, na mtoto alipochangamka sana akageuza uso pembeni. Katika jaribio la kumfundisha mtoto kazi ndogo, Mmarekani alipiga makofi kila hatua. Mgusii alionyesha kazi nzima mara moja kisha akamwachia mtoto. Kwa kipimo cha Boston, huyu wa pili anashindwa. Watoto wake lakini walikua vizuri, wenye afya, watulivu.

Hapo swali likageuka. Kitabu chao cha 1994 kinasema kwamba mama wa Gusii alikuwa na shabaha nyingine: mtoto apone miaka miwili ya hatari kwanza, kisha afundishwe na ndugu zake na kazi yenyewe. Kumtazama mtoto usoni na kumsifu kungeharibu chinsoni, ile adabu ya heshima na haya kati ya vizazi jirani ambayo Philip Mayer alikuwa ameiandikia tangu miaka ya 1940 na 1950. Mama wa Boston naye, ambaye hakuogopa kumzika mtoto wake, alikuwa mwalimu kuanzia siku ya kwanza. Saikolojia ya watoto ililazimika kukubali kwamba kile ilichokiita malezi ya kawaida kilikuwa desturi ya tabaka moja la watu wa Marekani. Jambo hilo lisingeonekana katika ziara ya wiki tatu. Lilihitaji mtu aliyeishi, aliyejua lugha, na aliyerudi baada ya karibu miaka ishirini kukuta watoto aliowaandika wamekuwa wazazi.

Haikuwa kazi safi yote. Mwaka 1959 LeVine alichapisha makala juu ya makosa ya ubakaji Gusii, yaliyotolewa katika majalada ya mahakama za kikoloni na kulinganishwa na takwimu za miji ya Marekani. Makala hiyo iliingia katika vitabu vya kiada, na kwa vizazi vingi vya wanafunzi wa ng'ambo Mgusii alikuwa mfano wa jamii ya jeuri hiyo. Majalada ya mahakama huonyesha nani alishtakiwa na nani aliweza kufika kortini; kuyalinganisha na polisi wa miji ya bara lingine ni kuruka mto mpana. Sina hakika wasomaji wake wengi waliuona mto.

Madaktari nao walikuja, wengi wakifuata jambo moja: upasuaji wa kichwa. Gusii ilikuwa mojawapo ya sehemu chache duniani ambako katika karne ya 20 mafundi wa jadi, ababari, walikuwa bado wanafungua fuvu la mtu aliye hai. Mgonjwa alikuwa kwa kawaida mtu aliyepigwa au kuanguka akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Omobari alipasua ngozi, akakwangua mfupa taratibu kwa visu vilivyopindwa, akaacha utando unaofunika ubongo bila kuugusa. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwaandika wagonjwa hawa kwa makini. Mwaka 1983 Rolf Meschig akaandika tasnifu nzima ya udaktari huko Ujerumani juu yao. Na mwaka 1985 daktari wa upasuaji wa Marekani na wenzake wakaripoti tena. Walichokubaliana kiliwashangaza wenyewe: waliokufa walikuwa wachache.

Ninaposoma maandishi hayo naona watafiti waliokuja kutazama kioja wakajikuta wanatazama fundi. Fundi alijua asipite wapi. Hata hivyo hakuna aliyeweka rejista ya wagonjwa kwa muongo mmoja: nani alipasuliwa, kwa nini, aliishi vipi baada ya mwaka. Ababari walifanya kazi yao mbali na macho ya serikali, na walipopungua, elimu yao ilipungua nao. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda elimu ya jadi mwaka 2016. Kwa upasuaji wa kichwa wa Gusii, karatasi nyingi zilizobaki ziko katika majarida ya kitabibu na tasnifu za ng'ambo.

Sasa malaria, ambako Kisii ilisaidia kubadilisha sera ya dunia, na watu wachache wa Kisii wanalijua hilo.

Milima ya magharibi ya Kenya ilikumbwa na milipuko mfululizo kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Katika nchi ya chini mtu mzima hupata kinga kidogo kwa kuumwa mara kwa mara. Mlimani hana, kwa hiyo mlipuko huwalaza wakubwa na wadogo pamoja. Kati ya Juni na Julai 2002 wilaya za Gucha, Kisii ya Kati, Kericho na Nandi zilizidiwa. Simon Hay na wenzake walichambua dharura hiyo katika jarida la Lancet mwaka uliofuata wakauliza kama utabiri wa hali ya hewa ungeweza kuwaonya mapema. Wakati huohuo ulikuwa ukiwaka ubishi mwingine: je, malaria inapanda mlima kwa sababu ya joto la dunia? Hay alisema mwaka 2002 kwamba takwimu za hali ya hewa hazionyeshi mabadiliko ya kutosha. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakasema joto limepanda, na kupanda kidogo kunatosha kwa mbu. Wengine walielekeza kidole kwenye klorokwini iliyokwisha kushindwa nguvu.

Angalia lakini takwimu zilitoka wapi. Zilitoka kwa sehemu kubwa katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, kwa sababu kampuni iliwatibu wafanyakazi wake katika hospitali yake na kuhifadhi orodha tangu miaka ya 1960, na ilikuwa na kituo cha kupimia mvua na joto. Wachumaji wengi waliolazwa huko walikuwa wametoka Nyamira na Kisii. Ng'ambo ya mpaka, katika vijiji vyao, ambako wakati huohuo mama zao waliugua homa ileile, hapakuwa na orodha ya miaka 30. Ubishi mkubwa wa tabianchi na malaria Afrika Mashariki uliendeshwa kwa daftari la mwajiri.

Sura ya vyandarua ilikwenda vingine, na nadhani ndio utafiti uliowafaa watu wa Gusii moja kwa moja kuliko mwingine wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafadhili wengi waliamini chandarua chenye dawa kiuzwe, hata kwa bei iliyopunguzwa, kwani cha bure hakithaminiwi. Helen Guyatt, Sam Ochola na Robert Snow walikwenda kwenye kaya za nyanda za juu wakapiga hesabu ya fedha taslimu. Kulinda nyumba nzima kulikuwa sawa na gharama ya kuwapeleka watoto watatu shule ya msingi kwa mwaka. Watu walikuwa wanataka vyandarua. Hawakuwa na pesa. Baadaye Abdisalan Noor na wenzake walifuatilia watoto katika Bondo, Kwale, Makueni na Kisii Kuu. Mwaka 2004, wakati wa kuuza, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa kama asilimia 7. Baada ya ugawaji wa bure wa 2006 walifika asilimia 67, na pengo kati ya maskini na tajiri likakaribia kufungika. Greg Fegan na wenzake walikadiria kwamba, miongoni mwa watoto waliolindwa, vifo vilipungua kwa asilimia 44. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kutaka vyandarua vigawanywe bure au kwa ruzuku kubwa, likitaja Kenya.

Siri ya kazi hii haikuwa mitambo. Walirudi kwa watoto walewale, katika nyumba zilezile, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana waliweza kusema kilichobadilika.

Kuna maswali ambayo kurudi peke yake hakuyasaidii. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba asilimia 96 ya wanawake wa Gusii walikuwa wamekeketwa mwaka 2008–09, na asilimia 84 mwaka 2014. Mwaka 2004 Carolyne Njue na Ian Askew walikuwa tayari wameeleza kilichokuwa kikitokea ndani ya nyumba: sherehe imefifia, umri wa msichana umeshuka, na mkataji ni muuguzi mwenye glovu, anayelipwa kwa siri. Kampeni iliyosema “ni hatari kwa afya” ilikuwa imesikika vizuri mno. Wazazi walijibu kwa kutafuta mhudumu wa afya. Huo ni ugunduzi wa thamani kubwa, na ulitokana na kukaa na watu na kuwasikiliza. Mwaka 2011 sheria ilifanya kitendo chote kuwa jinai, hata kwa daktari. Ni sheria sahihi. Lakini tangu hapo mtafiti anayemuuliza mama kama bintiye amekeketwa anamtaka akiri kosa mbele ya mgeni mwenye karatasi. Sehemu ya kushuka kwa asilimia ni kweli, na sehemu ni ukimya, na hojaji haiwezi kuzitenganisha.

Hadi hapa majina mengi ni ya wageni. Historia ina Wakenya wake wa mapema: William Ochieng', Mjaluo jirani, aliandika historia ya Abagusii kabla ya ukoloni kwa masimulizi ya wazee, ikatoka mwaka 1974, kazi ambayo isingefanyika leo kwa sababu wazee wale hawapo. Justus Ogembo alichambua mauaji ya watu walioitwa wachawi mwanzoni mwa miaka ya 1990, akayasoma pamoja na misukosuko ya uchumi na siasa ya wakati ule. Kitabu chake cha 2006 kilistahili kusomwa upya Oktoba 2021, wanawake wanne wazee walipouawa na umati huko Marani.

Na sasa kipo chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa tawi la Egerton mwaka 1994, chuo kishiriki mwaka 2007, na kikapewa hati yake Februari 2013. Makamu mkuu wake wa kwanza, John Akama, ni mtafiti wa utamaduni wa Gusii mwenyewe. Pamoja na Robert Maxon, mwanahistoria wa Marekani aliyeiandika Gusii ya wakoloni, alihariri mwaka 2006 kitabu juu ya urithi unaotoweka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali kiko mjini hapohapo. Kwa mara ya kwanza wengi wa wanaouliza maswali wana makazi ya kudumu Gusii.

Ungetarajia maswali yabadilike. Soma tasnifu za uzamili zinazotoka katika vyuo vya Kenya, hiki na vingine, na utakuta namba nyingine iliyo maarufu kuliko 112: 384. Ni idadi ya watu wa kuhojiwa inayotoka katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 pale jamii inapofika watu milioni moja. Jedwali ni halali kwa kazi yake. Lakini limekuwa dua. Mwanafunzi hutaja kitabu cha mbinu za utafiti cha Mugenda na Mugenda, hutaja 384, hutunga hojaji kwa Kiingereza, huwatuma wasaidizi ambao wanaitafsiri mlangoni kwa Ekegusii kila mmoja kwa namna yake, kisha hujaza alama za “nakubali sana” na “sikubali” kwenye kompyuta. Wiki mbili zimekwisha. Wilfred Whiteley, yule ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake vya lugha yetu, aliandika utangulizi wa Ekegusii mwaka 1956 ili mgeni aweze kuuliza swali moja kwa usahihi. Mwenyeji wa leo, aliyezaliwa akiisema, haombwi hata kuandika hojaji yake katika lugha hiyo.

Si uvivu, na ningewaudhi wengi kwa haki kama ningeishia hapo. Mwanafunzi analipa mwenyewe, mara nyingi kwa mshahara wa ualimu, huku akifundisha. Kibali cha utafiti kina ada. Mhadhiri wake anasimamia wengi kuliko uwezo wake, na tangu miongozo ya 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu anatakiwa kuwa na shahada ya uzamivu na kuchapisha ili apande cheo. Jarida linalochapisha haraka kwa malipo linamsubiri mlangoni. Sheria ya sayansi ya 2013 ilisema serikali itenge asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Haijafanya hivyo. Katika hali hiyo, kumwambia mtu akae kijijini miaka miwili kama LeVine ni dhihaka. LeVine alikuwa na Harvard nyuma yake.

Lakini ndiyo sababu ya kuchagua kazi ambazo uchache wa fedha hauziui. Mwenyeji ana kitu ambacho Wageningen na Harvard walikinunua kwa bei kubwa: yupo. Hahitaji nauli ya kurudi. Shamba moja linaloandikwa na shule ya sekondari kwa miaka 15, gunia kwa gunia, lingetuambia juu ya ile 112 zaidi ya tasnifu 40 zinazouliza wakulima 384 wanaonaje mbolea.

Au chukua radi. Milima ya Gusii hupigwa na ngurumo karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na kila mwaka magazeti huripoti watu na ng'ombe waliopigwa, na wakati mwingine wanafunzi darasani. Uganda ilishtuka baada ya radi kuua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya mwaka 2011, na mtandao wa wanasayansi na wahandisi wenye makao yake Kampala ukaanza kufunga vizuizi vya radi mashuleni na kufundisha nini cha kufanya wingu linapokuja. Kwa mhandisi hesabu si ngumu: waya, fimbo, upinzani wa udongo. Ngumu ni kujua uanze na shule ipi, na hilo hulijui bila kuandika zilizopigwa. Ni hivyohivyo kwa vumbi la mawe laini ya Tabaka, ambayo familia nzima huchonga na kusugua, na ambalo madaktari wangeweza kulifuatilia kwa kuandika tu, katika kila zahanati ya Mugirango Kusini, kazi ya kila mgonjwa anayekohoa.

Daftari la radi lingehitaji safu chache: tarehe, saa, kijiji, aina ya paa, nani aliumia na alikuwa amesimama wapi. Walimu wakuu na machifu wasaidizi wanaweza kulijaza, na wengi wao tayari wanaandika habari hizi katika ripoti ambazo hakuna anayezijumlisha. Anayetakiwa ni mtu mmoja wa kuzikusanya kila mwisho wa muhula, na idara moja ya chuo iliyo tayari kumpa mwanafunzi shahada kwa kazi hiyo hata kama haina 384.